Shilingi ya Kesho na Presha ya Jirani

Nchi yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu rufaa yangu bado iko mezani kwao, na wenye meza wanajua kusoma. Nitasema tu kwamba ina mipaka minne, bendera moja, na Mtukufu Rais mmoja aitwaye Baba wa Kesho, ambaye ndiye aliyetufundisha kwamba leo isitutie haraka. Ukihisi umewahi kufika huko, umekosea. Nchi yako ni nyingine.

Mimi naitwa Shomvi Kilindo. Nilifanya kazi miaka mingi katika Kamati ya Taifa ya Thamani ya Sasa, na cheo changu kilikuwa Msomaji Mkuu wa Faida. Kabla hatujafika mbali nataka jambo moja lieleweke, maana watu wa mtaani kwetu wamelivumisha vibaya: mimi sina kijicho. Sijawahi kuwa nacho. Nina macho mazuri tu, na nyumba ya jirani iko karibu.

Kamati yetu ilikuwa na kazi moja. Mtu yeyote aliyetaka kuanzisha biashara, hata kwa pesa zake mwenyewe alizozificha chini ya godoro, alipaswa kwanza kuja kwetu tumpimie mradi wake. Hesabu yenyewe ni ya kawaida, inajulikana dunia nzima. Shilingi utakayoipata mwakani si sawa na shilingi iliyo mkononi leo, kwa sababu kati ya leo na mwakani lolote laweza kutokea. Basi unachukua faida ya mwaka ujao, unaikata kidogo. Ya mwaka wa pili unaikata zaidi, ya mwaka wa tatu zaidi tena. Ukimaliza kuzikata unazijumlisha zote, kisha unatoa gharama ya kuanzia. Kikibaki kitu, mradi una thamani na unapigwa muhuri. Kisipobaki, mwenye mradi anashukuriwa kwa uzalendo wake na kuonyeshwa mlango.

Ugumu uko mahali pamoja tu: ukate kiasi gani. Nchi nyingine hutazama riba ya benki na hatari za soko. Sisi tulikuwa na Waziri, Mheshimiwa Profesa Pandu Ngwali, aliyepelekwa ng'ambo kusomea jambo hilo kwa wiki sita, nne kati ya hizo akiwa anaumwa tumbo. Aliporudi alihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi," alisema, "huko nilikosoma wanadai hatari ya biashara ni ukame, vita na bei ya mafuta. Nikawasikiliza kwa heshima. Lakini usiku nikajiuliza, kwetu sisi biashara ya mtu inauawa na nani? Na ukame? Hapana. Inauawa na jirani. Jirani akishaona umeshusha kochi jipya, hapo ndipo hatari inapoanza. Kwa hiyo kuanzia leo kiwango cha kukatia faida za kesho kitakuwa kiwango cha kijicho cha jirani, na kitapimwa kisayansi."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wenzangu, maana niliona kwa mara ya kwanza serikali imemwelewa mwananchi wake.

Sayansi yenyewe ilikuwa hivi. Majirani saba wa mwombaji waliitwa ukumbini, wakakalishwa kwenye benchi, na nesi wetu Tunu akawafunga kila mmoja mkanda wa kupimia presha. Walipimwa kwanza wakiwa wametulia. Kisha mimi nilisimama mbele na kusoma faida inayotarajiwa, mwaka kwa mwaka, kwa sauti. Presha ya jirani ikipanda kumi, tulikata asilimia kumi kwa mwaka. Ikipanda ishirini, ishirini. Wala hatukuchukua wastani. Tulichukua ya yule aliyepanda kuliko wote, kwa sababu, kama Waziri alivyofafanua, duka halichomwi moto na wastani, linachomwa na mtu mmoja.

Kusoma faida kunataka kipaji. Neno "milioni" huwezi kulitema tu. Unaliacha likae kinywani kidogo, unamtazama mtu wa pili kutoka kushoto, halafu unaliachia. Nikifika penye "na gari la kutembelea" nilikuwa nanyamaza mpaka Tunu anasikia mikanda inaanza kubana.

Matokeo yalikuwa mazuri sana. Miradi yote ambayo ingemuudhi mtu ilianguka, na ile isiyomuudhi yeyote ikapita. Tukapata kiwanda cha viatu vya mguu wa kushoto, shamba la kokoto, na kampuni ya kukodisha mashimo. Waombaji nao wakajifunza adabu. Mtu mwenye mabasi manne alikuja mbele ya Kamati amevaa kaptura iliyochanika makalioni, anakohoa. Nje ya geti letu palifunguliwa duka la kukodisha kandambili zilizokatika na magongo ya kutembelea, na ndilo duka lililokuwa na wateja kuliko yote mjini. Mwenye duka alikuja siku moja kuomba kibali cha tawi la pili. Majirani wakapanda sabini.

* * *

Mradi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Baba wa Kesho mwenyewe. Alitaka kujenga daraja katika uwanda mkavu wa kaskazini. Mto haukuwepo, ila mpango ulikuwa kuuleta baadaye, na faida ya ushuru wa kuvuka ingeanza kuonekana baada ya miaka mia tatu.

Majirani wa Ikulu ni askari. Waliketi saba kwenye benchi, migongo imenyooka, nami nikasoma. Presha hazikupanda. Zilianza kushuka. Kila nikitaja jina la mwenye mradi zinashuka zaidi, na askari wa mwisho akateleza kutoka kwenye benchi akalala sakafuni, mkanda ungali mkononi.

"Imeshuka nane hata kwa huyu aliye imara kuliko wote," Tunu akasema.

Waziri akatafakari. Ikiwa kupanda nane ni kukata asilimia nane, basi kushuka nane ni kuongeza. Kwa hiyo shilingi ya daraja hilo, kadiri ilivyokuwa mbali, ndivyo ilivyozidi kunenepa. Tulipokokotoa tukaona kwamba daraja lina thamani kuliko nchi nzima pamoja na watu wake. Waziri akashauri mto ucheleweshwe miaka mia mbili zaidi ili faida iongezeke, na ushauri huo ukapokelewa kwa vigelegele. Daraja lipo mpaka leo. Mbuzi wanapita chini yake.

* * *

Sasa nimfikie Hidaya.

Bi Hidaya Mkomwa ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alianza kwa kuuza nyanya kwenye beseni, kisha kwenye meza, kisha kwenye kibanda. Mume wake alifariki mapema akamwachia madeni, na sisi majirani tulimhurumia kwa moyo mweupe. Ile miaka tulipendana sana. Kisha akaanza kupaka nyumba rangi.

Sikujali. Mtu na nyumba yake. Nikaona ameweka tenki la maji. Nikaona ameweka la pili. La tatu sikulitafuta, lilikuwa mbele ya macho yangu kabisa kila nikisimama juu ya stuli. Jumapili alipika pilau, harufu ikaruka ukuta ikaja kukaa sebuleni kwetu bila kubisha hodi, na mke wangu, Mama Saumu, akasema, "Hidaya ana mkono." Nilishindwa kula. Nasema kweli, roho iliniuma kama jino. Lakini hicho si kijicho. Mimi ni mtumishi wa umma, na harufu ile ilikuwa inavuka mpaka wa kiwanja bila kibali.

Mwaka huo akaleta mradi wake kwa Kamati. Alitaka kufungua kiwanda cha kusindika nyanya, zile zinazooza barabarani msimu wa mavuno azitie kwenye makopo. Pesa za kuanzia milioni mia moja, zote zake. Faida milioni arobaini kila mwaka kwa miaka kumi. Alichotaka kwetu ni muhuri tu.

Kanuni hazikumkataza Msomaji kuwa pia jirani. Ziliona kwamba zinaokoa posho ya mtu mmoja. Basi siku ile nilisoma nimesimama, mkono mmoja umeshika karatasi, mwingine umefungwa mkanda. Majirani wenzangu sita walikuwa watu dhaifu, Hidaya amewahi kuwaazima ndoo na kuwalazia watoto. Mwaka wa kwanza, milioni arobaini, hawakutikisika. Mwaka wa pili, wakapanda tatu, nne. Kwa kiwango cha namna hiyo mradi ulikuwa unapita wazi. Hata kwa asilimia kumi, ukishatoa gharama zilikuwa zinabaki milioni mia na arobaini na tano.

Nikasoma mwaka wa tatu. Nikasoma wa nne. Nikajiona nimesimama juu ya stuli, naangalia ghorofa atakayoijenga. Mkanda ukaanza kunibana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Bwana Shomvi," Tunu akaniambia, "umepanda tisini."

"Endelea kuandika," nikasema.

Kwa asilimia tisini shilingi ya mwakani inabaki karibu nusu, ya mwaka wa tano inabaki senti nne, na ya mwaka wa kumi haitoshi kununua hata mbegu moja ya nyanya. Jumla yote ilikuwa milioni arobaini na nne. Ukitoa mia za kuanzia, mradi ulikuwa na upungufu wa milioni hamsini na tano na ushee. Waziri akatangaza kwamba taifa limeokolewa na hasara kubwa.

Nilimtazama Hidaya nikitegemea atalia, au atanitukana. Badala yake akanijia na kunishika mkono.

"Kaka Shomvi, kumbe unaumwa hivi na umenyamaza?" akasema. "Dawa unatumia? Mimi kiwanda kitanisubiri. Mshipa ukipasuka hautakusubiri."

Jioni akaleta bakuli la supu ya kuku isiyo na chumvi. Kesho yake akaleta tena. Miezi miwili mfululizo yule mwanamke aliniletea supu, na kila siku aliniuliza naendeleaje. Ilikuwa tamu hata bila chumvi, jambo lililoniudhi zaidi.

* * *

Kisha Hidaya akavuka mpaka. Nchi ya pili wanafanya hesabu hii mezani, bila kumfunga mtu mkanda. Walikata asilimia kumi, wakaona kilichobaki, wakampigia muhuri kabla chai haijapoa. Mwaka haujaisha makopo yakaingia kwetu, kwa sababu nyanya zetu ziliendelea kuoza na watu walitaka mchuzi. Na juu ya kila kopo palikuwa na picha yake, anatabasamu.

Mama Saumu alinunua kwa katoni. Nilikuwa nikiingia jikoni nakuta Hidaya kumi na wawili wananitabasamia kutoka kabatini. Niliyageuza yakatazama ukutani. Asubuhi nikakuta yamegeuzwa tena.

"Baba Saumu, makopo yamekukosea nini?" mke wangu akauliza.

"Mwanga unayaharibu," nikasema.

Nikastaafu mwaka huo. Nikachukua kiinua mgongo changu chote, nikauza na kiwanja cha urithi, nikaagiza mashine za kusindika nyanya. Niliziagiza kwa muuzaji yuleyule wa Hidaya, ila zangu zilikuwa za toleo kubwa zaidi, zenye kitufe kimoja cha ziada. Muuzaji mwenyewe hakujua ni cha nini. Zikashushwa uani kwetu, na ndipo Mama Saumu alipojua.

Alikaa kwenye kizingiti. "Umenunua kabla ya muhuri?"

"Muhuri utakuja. Mimi ni mtu wa Kamati."

"Baba Saumu, hiyo pesa ni uzee wetu. Hatuna nyingine." Hakupandisha sauti. "Basi nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo wakishasoma, sema ahsante, ukae. Usifungue mdomo."

Nikamwahidi. Nikajiandaa kama inavyotakiwa: nikakodi kandambili iliyokatika, nikakodi gongo, nikaacha kunyoa ndevu. Kusema kweli niliingiwa na hofu. Mtu wa cheo changu, mwenye mashine zenye kitufe cha ziada, mtaa mzima lazima ungepasuka. Nilipiga hesabu kwamba ikipanda thelathini bado nitapona. Ikifika hamsini nimekwisha.

* * *

Ukumbi ulijaa. Waziri mwenyewe alikuja kunisomea, kwa heshima ya utumishi wangu. Kwenye benchi walikaa wale sita wa siku zote, na wa saba alikuwa Hidaya, aliyesafiri kutoka ng'ambo kwa kuwa nyumba yake bado ipo na kwa hiyo bado ni jirani. Alikuwa na mkoba mzuri. Sikuutazama. Ngozi ilikuwa ya kweli.

Waziri akasoma mwaka wa kwanza, milioni hamsini. Nikamtazama Tunu.

"Sifuri," akasema.

Mwaka wa pili, sifuri. Mwaka wa tano, sifuri, na fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuwa anasinzia. Mwaka wa kumi Tunu akapita benchi nzima akarudi mwanzo.

"Hakuna aliyepanda, Mheshimiwa. Bi Hidaya ameshuka kidogo."

"Ameshuka kwa hofu?" Waziri akauliza.

"Kwa furaha," Hidaya akasema. "Nilikuwa namwombea kaka yangu huyu apate kitu cha kumshughulisha."

Waziri akacheka kwa kuridhika. Kwa kiwango cha sifuri hakuna shilingi yangu hata moja iliyokatwa. Mradi wangu ulikuwa na thamani kuliko wowote uliowahi kupita, ukiacha daraja. Akafungua kidau cha wino, akachovya muhuri. Mama Saumu, kule nyuma, alikuwa amefumba macho na midomo inamchezacheza kwa dua.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ahsante.

"Hata kidogo?" nikauliza.

"Nini, Bwana Shomvi?"

"Hata mbili, tatu? Kipimo ni kizima hicho?"

"Ni kizima," Tunu akasema. "Ni kilekile."

"Jamani, ni milioni hamsini," nikawaambia wale wa kwenye benchi. "Kila mwaka. Nitajenga ghorofa. Nitaweka matenki matano." Fundi cherehani akaamka, akanitazama kwa huruma. Kwa huruma, mimi, Msomaji Mkuu. Nikatupa gongo. Nikavua kandambili. "Mashine zangu zina kitufe ambacho zake hazina."

"Hongera sana, jirani," Hidaya akasema, na alikuwa anamaanisha.

"Baba Saumu," mke wangu akaita.

Nilimsikia. Nataka ieleweke kwamba nilimsikia. Lakini yule mwanamke alikuwa ananitabasamia kama kwenye kopo, na mshale wa mkanda wake umelala chini kabisa, umelala raha mustarehe. Miaka yote ile mimi sikulala vizuri kwa ajili yake, na yeye hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili yangu hata usiku mmoja. Hilo halikuvumilika.

"Hidaya," nikasema, "ile siku ya kiwanda chako sikuwa mgonjwa. Sijawahi kuumwa presha maishani mwangu. Tisini ile yote ilikuwa kwa ajili yako. Na supu nilikunywa miezi miwili, najua unaniombea afya, nikachelewa kukwambia kwa sababu ilikuwa tamu."

Tabasamu likamtoka Hidaya taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Tunu akainama kwenye mkanda.

"Imeanza kupanda," akasema. "Ishirini. Arobaini. Mheshimiwa, sabini."

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

"Tisini. Mia." Akatazama tena. "Mia na kumi."

Waziri akarudisha muhuri kwenye kijaluba chake. Kwa asilimia mia na kumi, faida zangu za miaka kumi zote pamoja hazikufika hata ya mwaka mmoja, wala hazikulipia mashine. Akatangaza kwamba taifa limeokolewa.

* * *

Mama Saumu alitangulia kufika nyumbani. Alifunga nguo zake kwenye sanduku, akavuka mpaka. Sasa ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha Hidaya, nasikia wanamheshimu. Kila mwezi ananiletea katoni moja ya makopo kwa mkono wa mtu. Nayapika na kuyala. Sina kitu kingine cha kula. Mashine zimekaa uani chini ya turubai, na siku za mvua kile kitufe cha ziada huwaka taa chenyewe.

Watu wananiuliza rufaa yangu inadai nini, wakidhani nataka kiwanda. Kiwanda hapana, nimeshakisahau. Lakini nikilala huwa nausikia ule mkanda. Mimi nilipanda tisini. Yeye, kwa siku moja, bila mazoezi, amefika mia na kumi.

Naomba nipimwe upya. Ile siku nilikuwa najizuia.